Nimezeeka Ugenini, Sina Hata Kibaraza

Mama Mshauri,

Mimi ni mzee wa miaka 67, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Nilifika Johannesburg mwaka 2002, na karatasi zangu ni za mkimbizi aliyekubaliwa. Nimelinda mageti ya watu usiku kwa miaka mingi, mpaka miguu ikakataa na kampuni ikaniambia nipumzike. Huu ni mwaka wa pili niko nyumbani, hapa Berea, ghorofa ya sita, pamoja na mke wangu, binti yetu na watoto wake wawili.

Kazi yangu ni kupeleka watoto shule, kununua mkate na kungoja jioni. Kwetu mzee wa umri wangu anakaa kibarazani kwake, watu wanapita kumsalimu, wanamletea mashauri. Hapa lifti ikiharibika nakuwa mfungwa. Mwezi wa nane presha ilipanda nikaanguka, vijana wa jirani, Wazimbabwe, wakanishusha ngazi wakinibeba kwenye kiti. Niliona aibu sana. Hata maji yakikatika ni mjukuu wa yule bibi Mzulu wa mlango wa pili anayetupandishia ndoo. Mwanamume mzima napandishiwa maji!

Kanisani nimeacha kwenda tangu Pasaka. Kila mara kuna mchango, na mkono mtupu haulambwi. Mchungaji amekuja mara mbili, nikamwambia mke wangu aseme nimelala.

Rafiki zangu wengi walichukuliwa Canada na Marekani. Mimi sikupata. Nina nyumba Bukavu, kule Bagira, niliyoianza zamani. Mdogo wangu anaisimamia. Yamebaki mabati na madirisha. Mke wangu atapokea zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana na wanawake wenzake, mwezi wa kumi na mbili. Nataka hela hiyo niende nimalize nyumba, nizeekee kwetu, nifie kwetu. Amekataa kabisa, na sasa hatuongei vizuri. Binti yetu analia. Je, nimekosea kutaka kwetu? Au Mungu amenisahau?

B.M., Berea, Johannesburg

Baba B.M.,

Pokea salamu zangu, wewe, mama wa nyumba, binti yenu na wajukuu. Pole kwa presha, pole kwa ngazi za ghorofa sita, na pole zaidi kwa ukimya ulioingia nyumbani kwako.

Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo linalokuuma. Kutaka kwenu si kosa. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, yumo mzee wa miaka 80 aitwaye Barzilai, aliyemlisha mfalme Daudi wakati Daudi mwenyewe akiwa mkimbizi. Daudi aliporudishiwa ufalme alimwita wakaishi wote Yerusalemu, awe anakula kwake. Mzee akakataa. Alisema chakula hakimpi ladha tena wala hasikii sauti za waimbaji. Aachwe arudi afie mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Daudi alimbusu, akambariki, akamwacha aende zake. Kwa hiyo hamu uliyo nayo ina wenzake ndani ya Biblia yenyewe, na mtu asikuambie kwamba ni upungufu wa imani.

Ila Barzilai alikuwa anavuka mto Yordani tu, kurudi kwenye nyumba iliyokuwa imeshaezekwa, katika mji uliokuwa umeshatulia. Wewe unaniambia Bukavu ya leo. Tutaifikia. Kwanza turudi kwenye barua yako.

Niliyoyapigia mstari

Barua yako niliisoma mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikapiga mstari chini ya kila mtu aliyekutendea jambo jema. Ukurasa ulijaa. Wamo vijana wa Kizimbabwe. Yumo mtoto wa jirani na ndoo zake. Yumo mchungaji aliyepanda ngazi mara mbili, wajukuu wanaokushika mkono kwenda shule, binti anayelia kwa kuogopa kukupoteza, na mke ambaye wanawake wenzake wamempa zamu. Mema hayo umeyaandika mwenyewe, Baba, lakini kila moja umeliandika kama lalamiko.

Hebu tukitazame kile kiti. Kumshusha mtu mzima ghorofa sita kwa ngazi si mchezo. Kijana mmoja hutangulia chini, anashika miguu ya kiti, uzito wote unamlalia kifuani, anashuka kinyumenyume bila kuona anakokanyaga. Mwingine yuko juu, anavuta kwa nyuma kiti kisiteleze, vidole vinaparuzwa ukutani kwenye kila kona. Ngazi za majengo hayo mara nyingi hazina taa, kwa hiyo wa tatu lazima atangulie akimulika kwa simu na kuomba watu wapishe. Vijana wale hawakuwa na undugu na wewe. Pengine mmoja alichelewa kazini siku ile akakatwa hela. Ulisikia aibu; mimi nilipofika hapo nilimshukuru Mungu kwa ajili yako.

Na wewe unaijua Johannesburg kuliko mimi. Ulikuwapo mwezi wa tano mwaka 2008, wageni walipofukuzwa vibandani na watu zaidi ya 60 wakauawa nchini humo. Umewasikia watu wa kundi la Operation Dudula wakisimama kwenye malango ya kliniki kuwazuia wageni wasitibiwe. Katika nchi ambayo hayo yametokea, bibi wa Kizulu anamtuma mjukuu wake akupandishie maji. Hakuna serikali iliyomwagiza na hakuna shirika linalomlipa. Ukifika mbele ya Mungu na swali lako la kama amekusahau, nadhani atakuuliza ni nani aliyekuwa anagonga mlango wako na ndoo.

Sasa niwe mkali kidogo, nawe unisamehe kwa kuwa nimekupita umri. Mdogo wangu, aibu uliyoiona ni kiburi. Miaka yote umelinda usingizi wa watu wengine, ukadhani heshima yako iko katika kutoa tu. Anayetoa bila kukubali kupokea huwafanya wenziwe kuwa wadeni wake, na watu hawapendi kudaiwa milele. Vijana wakisalimia mara mbili tatu bila kuitikiwa, wataacha. Mtoto akiona ndoo inapokelewa kwa uso uliokunjwa, atapeleka maji kwingine. Hapo ndipo utakuwa mpweke kweli kweli, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Nyumba ya Bagira

Sitakuficha hesabu yangu. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari mwaka huohuo. Benki za miji hiyo zikafungwa, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu, kile cha Bukavu, navyo vikafungwa. Mtu anayepeleka hela za ujenzi katika hali ya namna hiyo anazikabidhi mkono kwa mkono, na kila mkono una njaa yake. Simtuhumu mdogo wako. Inawezekana ni mwaminifu kabisa na bado hela zisifike ukutani, kwa sababu mtoto wake akiugua usiku, au mlango ukigongwa na wenye silaha, atatoa kilicho karibu.

Nijibu haya kimoyomoyo. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, na iko wapi? Picha ya mwisho uliyotumiwa inaonyesha jambo jipya, au ni ukuta uleule umepigwa picha kutoka upande mwingine? Dawa za presha utazipata wapi, na zikikosekana mwezi mzima utafanyaje? Nani atakaa na wewe humo ndani, ikiwa mke wako, binti na wajukuu wako Berea?

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Ukimbizi wako unasimama juu ya Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini, namba 130 ya mwaka 1998. Mkimbizi anayerudi kwa hiari yake kuishi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuvuliwa hadhi hiyo. Maana yake ni kwamba ukienda Bukavu mambo yakaharibika, huenda usipokelewe tena kama ulivyopokelewa mwaka 2002, nawe utakuwa umezitenganisha pande mbili za nyumba yako kwa mpaka usiovukika. Kabla ya kugusa begi, kaa na wakili. Lawyers for Human Rights wana ofisi Johannesburg na wanawasaidia wakimbizi bila kuwatoza. Jesuit Refugee Service nao wako jijini.

Na hela ya likelemba. Hii naiweka peke yake kwa sababu ndiyo iliyowavunjia amani. Likelemba haina mahakama wala dhamana. Inaendeshwa kwa kuaminiana tu. Kila mwezi mkeo ametoa fungu lake, mwezi wa shida na mwezi wa nafuu, ili zamu yake isije ikavurugika. Wewe unaihesabu kama hela ya nyumba kabla haijafika mkononi mwake. Hakukataa Bukavu, Baba B.M. Amekataa jasho lake kupangiwa safari bila kuulizwa, na amekataa kuwa mjane wa mtu aliye hai. Katika hili nasimama upande wake, wala sitasogea.

Haki zako za uzeeni

Unasema mkono wako ni mtupu. Sina hakika kwamba umeuangalia vizuri.

Afrika Kusini hutoa ruzuku ya wazee kupitia shirika la SASSA kwa mtu aliyefikisha miaka 60 na ambaye kipato chake ni kidogo. Wengi wetu tunadhani ni ya raia peke yao. Tangu mwaka 2012 mkimbizi aliyekubaliwa rasmi naye anaruhusiwa kuiomba. Anayebaki nje ni yule ambaye ombi lake la ukimbizi bado halijaamuliwa. Mwaka 2025 ruzuku hiyo ilipandishwa hadi randi 2,315 kwa mwezi, na kidogo zaidi kwa waliopita miaka 75. Si utajiri. Lakini ni mkate wa watoto unaoununua kila asubuhi, ni nauli, ni fungu la bahasha ya Jumapili inayokutesa. Kama mama wa nyumba naye ameshafika 60, aombe kwa jina lake. Watatazama kipato chenu wote wawili.

Kuomba ni bure. Akitokea kijana pale nje ya ofisi akasema umpe mia tatu akupitishe mbele, mwambie Mungu akubariki kisha rudi kwenye foleni. Nenda na kitambulisho cha mkimbizi au hati yako ya ukimbizi, hakikisha haijaisha muda, na anza kuishughulikia upya mapema kabla ya tarehe. Karatasi ikilala, akaunti ya benki hufungwa na ruzuku hukwama, nawe utaanza kuhangaika upya kwa jambo lililokuwa limeshakwisha. Na kumbuka, ruzuku hii ni ya mtu anayeishi ndani ya nchi. Ukihamia Bukavu inabaki nyuma.

La pili ni la walinzi. Sekta yenu ina mfuko wa akiba uitwao Private Security Sector Provident Fund. Kampuni inayofuata sheria humkata mlinzi kila mwezi na kuongeza fungu lake juu yake, na mlinzi akiacha kazi huidai akiba yake. Toa lile sanduku la chini ya kitanda, tafuta karatasi za mshahara, zitazame mstari kwa mstari uone kama ulikuwa unakatwa. Ikiwa ulikatwa, akiba hiyo ni yako hata kama miaka miwili imepita. Na ikiwa ulikatwa lakini kampuni haikupeleka hela kwenye mfuko, hilo ni deni nalo, na wakili uliyemwendea kwa habari ya hati atakuonyesha pa kulipeleka. Nimeona wazee wakikopa hela za kununulia dawa huku akiba yao ikisubiri jina lao litajwe.

Benchi lako kanisani

Mchungaji alipanda ghorofa sita, labda siku ambayo lifti haifanyi kazi, na wewe ukamfanya mke wako aseme uongo mlangoni. Hilo ulitengeneze. Umemwingiza mwenzio katika jambo ambalo dhamiri yake haikulitaka.

Kuhusu michango nakuelewa. Makanisa yetu ya ugenini yana mahitaji mengi: kodi ya ukumbi, spika, matanga, mgonjwa, mgeni aliyefika jana na watoto watatu. Kila Jumapili bakuli linapita, na mzee aliyezoea kutoa anajisikia uchi. Lakini kumbuka yule mjane wa Injili ya Luka, sura ya 21. Yesu alikuwa amekaa anawatazama matajiri wakitoa, na macho yake yakatua kwa mama mwenye senti mbili. Mwenye hekalu anajua kilichomo mfukoni mwako kabla hujafika mlangoni.

Nenda Jumapili hii bila bahasha. Kaa kwenye benchi lako. Baada ya ibada mwendee mchungaji, mwambie ukweli kwa maneno machache: nilikuwa naona haya kwa sababu sina kitu. Kama ni mchungaji wa kweli, na mtu anayepanda ngazi mara mbili kumfuata kondoo mmoja ana dalili hiyo, atakupa kazi ya mzee. Kanisa la wakimbizi limejaa vijana waliokulia njiani bila babu. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha nyimbo za Kiswahili cha kwetu, wa kwenda kukaa na mgonjwa hospitalini Charlotte Maxeke wakati ndugu zake wako kazini, wa kusikiliza wachumba kabla hawajakimbilia kufunga ndoa. Ulikuwa unalilia watu wakuletee mashauri, hao hapo. Ni vigumu kumpelekea mashauri mzee anayesemewa kwamba amelala.

Nikuongezee tahadhari. Ikitokea kiongozi yeyote akakudharau hadharani kwa kukosa sadaka, au akakuuzia maji na mafuta kwa ahadi ya muujiza, hamisha benchi lako kanisa jingine siku hiyohiyo. Imani usiihamishe.

Yakobo alipokuwa mgeni

Wewe si mzee wa kwanza aliyevushwa mpaka na njaa na vita ya watu wengine. Yakobo alishuka Misri akiwa na miaka 130. Njaa ilimsukuma na mapenzi ya mwana yakamvuta. Aliishi huko miaka 17. Na katika hiyo miaka ya mwisho, kitabu cha Mwanzo hakituambii kwamba alijenga au alinunua chochote. Kinatuonyesha akiletewa wajukuu wawili, Efraimu na Manase, waliozaliwa ugenini na mama wa Kimisri. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliwakumbatia, akawabusu, akaweka mikono juu ya vichwa vyao, akawahesabu kuwa wake.

Halafu akaagiza azikwe kwao, Kanaani, katika pango la wazazi wake, na wanawe wakalitimiza agizo hilo. Hapo ndipo nakuomba ukae kidogo. Kutaka kuzikwa kwao hakukumzuia kuishi pale alipokuwa.

Wajukuu wako wawili wanazungumza Kizulu na Kiingereza shuleni. Ukiondoka, hakuna mtu ndani ya nyumba ile atakayewaambia ziwa Kivu lina rangi gani asubuhi, wala kwa nini bibi yao hufurahi akipata samaki wa sambaza sokoni Yeoville. Njia ya kwenda shule unaiita kazi ya kungoja. Kwa mtoto wa miaka saba, babu anayemshika mkono kuvuka Abel Road kila asubuhi, magari yakipita mbio, ndiye kitu cha uhakika kuliko vyote katika mji ule. Rafiki zako walioko Canada hukutumia picha za theluji na magari. Waulize siku moja ni wangapi kati yao wanaoshikwa mkono na mjukuu kila siku, na ni wangapi wanamwona siku za sikukuu tu.

Kibaraza nacho kipo. Teremsha kiti uketi kwenye lango la jengo lenu, saa za watoto kurudi shule. Hiyo kazi ya kulinda mlango unaijua kuliko mtu yeyote humo ndani. Waangalie watoto wa ghorofa zote, wa Kizulu, wa Kikongo, wa Kinijeria. Utasalimiwa mpaka uchoke, na watakuita mkhulu kama wanavyowaita babu zao.

Na fanya jambo moja ambalo mlinzi mzoefu pekee ndiye anaweza kulifanya vizuri. Kagua njia za kutokea moto ukizuka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso pale Marshalltown liliungua, watu zaidi ya 70 wakafa, na Watanzania na Wamalawi walikuwa miongoni mwao. Mageti yaliyofungwa yaliwazuia wengi kutoka. Jua funguo za geti la nyuma ziko kwa nani. Waombe vijana waliokubeba wakusaidie kuondoa magodoro na vyuma vilivyolundikwa kwenye ngazi. Unajiona mzigo katika jengo hilo, na huenda wewe ndiye utakayeokoa watoto wake.

Anzia na mkeo

Kabla ya SASSA, kabla ya kanisa, zungumza na mama wa nyumba. Si mbele ya binti, wala si usiku mkiwa mmechoka. Ngoja watoto wakiwa shuleni, mketi wawili. Mwambie kwamba hela ya likelemba ni yake na hutaitaja tena mpaka yeye aitaje. Mwombe msamaha kwa ule uongo wa mlangoni. Kisha umwambie hofu yako halisi, ambayo nadhani hujamwambia: unaogopa kuzikwa na watu wasiokujua.

Hofu hiyo ina dawa. Afrika Kusini watu wa hali ya chini wamejipanga kwa vyama vya kuzikana tangu zamani, na Wakongo wa Yeoville na Berea wamezoea kuchangishana kwenye matanga. Jiungeni na chama chenye kumbukumbu za hesabu zilizo wazi, mtoe kidogo kidogo kila mwezi. Andika unavyotaka: wimbo gani, nani asome neno, uzikwe hapo au usafirishwe ikiwezekana. Kusafirisha mwili hadi Bukavu ni gharama kubwa na hali ya njia unaijua, kwa hiyo wape wanao ruhusa ya wazi ya kukuzika Johannesburg bila kujilaumu. Ni zawadi kubwa kuliko nyumba ya Bagira.

Nyumba yenyewe usiiuze kwa hasira wala usiitelekeze. Mpigie mdogo wako, mshukuru kwa miaka aliyoitunza, mwambie ujenzi umesimama mpaka nchi itulie. Akiwa na shida ya pa kulala, aezeke chumba kimoja kwa uwezo wake akae. Nyumba yenye mtu huibiwa kwa shida. Umwombe pia picha ya hati ya kiwanja, naye aifiche asili yake mahali salama.

Kisha Jumamosi waalike wale vijana wa Kizimbabwe, na bibi wa mlango wa pili na mjukuu wake. Mama apike ugali na sombe, wewe ununue soda. Kabla ya kula waambie kwa mdomo wako, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho, kwamba waliokoa maisha yako na hukuwahi kusema asante. Mchungaji naye akiweza kuja, aje aombee chakula.

Jumatatu uende SASSA asubuhi na mapema. Na ukizipata zile karatasi za mshahara, niandikie uniambie kilichoandikwa kwenye makato. Nitaisubiri barua yako.